Mpigaji wa 28: Ukikosewa, Unafanya Nini Dakika Inayofuata?



Vijana wapendwa, leo naomba tuuache kidogo mpira wa miguu tuliouzoea, twende Marekani kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye filamu tu: besiboli. Usiogope, huhitaji kujua kanuni zote. Ukielewa mambo mawili, yanatosha kwa tafakari yetu.

Jambo la kwanza: kuna mrushaji na kuna mpigaji. Mrushaji anasimama kwenye kijilima katikati ya uwanja na kurusha mpira. Mpigaji anasimama mita kama 18 mbele yake, ameshika gongo. Akiupiga mpira anatimua mbio kwenda kwenye besi ya kwanza, ambayo ni kama kituo. Mpira ukiwahi kufika kwenye kituo kabla yake, ametolewa. Yeye akiwahi, amepona. Jambo la pili: mchezo una awamu tisa, na katika kila awamu timu inatakiwa iwatoe wapigaji watatu wa wenzao. Tisa mara tatu ni 27. Mrushaji akisimamia mchezo wote na wapigaji 27 wakatolewa mfululizo, bila hata mmoja kufika kituoni salama, hiyo inaitwa mchezo mkamilifu.

Ni kitu adimu kweli. Wa kwanza ulitokea mwaka 1880. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Mei 2010, miaka 130 hiyo, michezo mikamilifu ilikuwa 20 tu katika ligi kuu za Marekani. Kuna warushaji wakubwa, majina yanayojulikana nchi nzima, waliocheza miaka 20 wakastaafu bila kuupata hata mmoja.

Sasa twende Detroit, tarehe 2 Juni 2010.

Kijana aliyekuwa ametoka kushushwa daraja

Aliyesimama kwenye kijilima siku ile ni Armando Galarraga, Mvenezuela wa miaka 28, mrushaji wa Detroit Tigers. Hakuwa nyota. Mwaka 2008 alianza vizuri, akashinda michezo 13. Mwaka 2009 mambo yakaharibika. Msimu wa 2010 ulipoanza, hakuwemo hata kwenye timu kubwa. Alikuwa amepelekwa Toledo kwenye ligi ya chini. Aliitwa tena katikati ya Mei. Yaani jioni ile alikuwa na wiki chache tu tangu apewe nafasi ya pili, na kila mtu anayefanya kazi kwa mkataba anajua nafasi ya pili ina presha gani.

Wapinzani walikuwa Cleveland Indians. Awamu ya kwanza, watatu wametoka. Ya pili, watatu. Ya tano, ya saba, ya nane, hakuna aliyefika kituoni. Watu zaidi ya 17,000 waliokuwa uwanjani wakaanza kuelewa wanachokishuhudia. Awamu ya tisa, mpigaji wa 25 akaupiga mpira mbali sana, ukaelekea ukutani. Austin Jackson akaukimbilia akiwa ameupa mgongo uwanja, akaudaka juu ya bega lake. Wa 26 akatolewa. Akabaki mmoja tu.

Mpigaji wa 27, Jason Donald, akaupiga mpira chini. Miguel Cabrera, mlinzi wa besi ya kwanza, akatoka kwenye kituo chake kuufuata. Galarraga akakimbia kwenda kukiziba kituo kile. Cabrera akamrushia, Galarraga akadaka, mguu wake ukagusa besi. Donald alikuwa bado nyuma, hatua nzima hivi. Amekwisha! Mchezo mkamilifu!

Mwamuzi wa besi ya kwanza, Jim Joyce, akatandaza mikono: amepona.

Uwanja mzima ukapigwa na butwaa. Marudio ya video yakaonyesha wazi kabisa kwamba mwamuzi amekosea. Lakini wakati ule kanuni hazikuruhusu uamuzi wa namna hiyo ukaguliwe kwa video. Alichosema mwamuzi ndicho kilichoandikwa.

Lile tabasamu

Vijana, hebu tusimame hapa. Weka jina lako badala ya Galarraga. Kitu ambacho wanadamu 20 tu wamekipata katika miaka 130 kilikuwa mkononi mwako, kihalisi kabisa, maana mpira ulikuwa ndani ya glovu yako. Na mtu mmoja amekunyang'anya kwa kutandaza mikono tu. Ungefanya nini?

Kocha wake, Jim Leyland, alitoka kulalamika. Wenzake walimzonga mwamuzi na kumfokea. Galarraga akamtazama Joyce, akatabasamu. Si tabasamu la dharau. Ni lile la mtu anayejua ukweli na haoni haja ya kuupigia kelele. Kisha akageuka, akatembea kurudi kwenye kijilima chake.

Kwa nini alirudi? Kwa sababu mchezo ulikuwa haujaisha! Kwa vile mpigaji wa 27 alihesabiwa amepona, alikuwepo mpigaji wa 28, Trevor Crowe, amesimama pale na gongo lake anasubiri. Galarraga akamrushia, akamtoa. Tigers wakashinda 3 kwa 0.

Hapa ndipo ninapotaka twende wote taratibu. Sisi tukikosewa huwa tunashindwa wapi? Mara nyingi si pale pale tunapokosewa. Tunashindwa kwa mpigaji wa 28. Umenyimwa nafasi uliyostahili kwenye kwaya, akapewa mwingine. Jumapili inayofuata huendi kabisa kanisani. Mwalimu amekupa alama zisizo zako. Muhula mzima unaacha kusoma somo lake. Rafiki ametoa siri yako. Miaka mitatu humwamini mtu yeyote, hata yule ambaye hajakufanyia lolote. Aliyekukosea alichukua kitu kimoja. Vingine vyote umevitoa wewe mwenyewe, ukampelekea.

Mtume Paulo anawaonya Waefeso (4:26-27) kwamba hasira isikae mpaka jua likachwa, na kwamba wasimwachie Ibilisi nafasi. Ona, hasemi kwamba kukasirika ni dhambi. Anajua damu inachemka. Anachosema ni kwamba hasira ukiilaza ndani ya nyumba, asubuhi inaamka ikiwa imekaribisha mgeni. Mpigaji wa 28 wa Galarraga alikuja baada ya dakika chache tu. Wa kwako atakuja kesho asubuhi: kuna kazi, kuna mtihani, kuna mdogo wako anayehitaji msaada wa hesabu. Hao hawajakukosea. Usiwalipize.

Mtu aliyetandaza mikono

Sasa tumgeukie mwingine, maana baadhi yetu tunaosoma hapa sisi si Galarraga. Sisi ni Joyce.

Jim Joyce hakuwa mwamuzi wa ovyo. Alikuwa na zaidi ya miaka 20 kwenye ligi kuu, na wachezaji wenyewe walipoulizwa na ESPN mwaka uleule, walimtaja kuwa mwamuzi bora kuliko wote. Mtu hodari kazini, mwenye heshima yake, anakosea mbele ya nchi nzima.

Alipomaliza kazi akaenda chumbani kwa waamuzi, akaitazama video. Angeweza kusema mengi: pembe haikuwa nzuri, kelele zilikuwa nyingi, kila mtu hukosea. Hakusema hayo. Aliwaambia waandishi wa habari, bila kuzunguka, kwamba amekosea na kwamba amemnyima kijana yule mchezo wake mkamilifu. Kisha akaomba aonane na Galarraga ana kwa ana. Walipokutana, mzee yule alilia, akaomba radhi, wakakumbatiana. Galarraga akawaambia watu kwamba hakuna binadamu aliye mkamilifu. Fikiria: mtu aliyenyimwa mchezo mkamilifu ndiye anayemtetea aliyemnyima, kwamba si mkamilifu.

Nisieleweke vibaya. Kosa la Joyce halikuwa dhambi. Aliona vibaya, basi. Dhambi inahitaji kujua na kukubali. Lakini kama mtu anaweza kubeba kosa la macho kwa ukweli wa namna ile, sisi tunaobeba makosa ya makusudi tunajificha nini? Tazama alichofanya, utaona njia tuliyofundishwa kwenye mafundisho ya Kitubio: alijichunguza, akajuta, akasema kosa lake kwa jina lake, akaenda kwa aliyeumia. Hakusema, "Kama nimekukwaza, samahani." Maneno hayo tunayatumia sana siku hizi, hasa kwenye meseji, na kusema kweli si kuomba msamaha. Ni kumwachia aliyeumia kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia.

Kwenye kiti cha kitubio, padre hatuulizi tumeshinda mangapi maishani. Tunakwenda pale na kosa letu, bila wakili. Na ndiyo maana tunatoka pale wepesi.

Karatasi ya asubuhi

Usiku ule ulikuwa mrefu kwa Joyce. Matusi yalimiminika, na familia yake haikusalimika. Kesho yake timu zilezile zilicheza tena, mchana, na zamu ilikuwa yake kusimama nyuma ya mpigaji, mahali ambapo kila jicho linamwona mwamuzi. Aliruhusiwa kupumzika siku hiyo. Akasema atafanya kazi.

Kabla ya mchezo kuanza, kila timu humpelekea mwamuzi karatasi yenye majina ya wachezaji wake. Kwa kawaida si kazi ya mrushaji. Siku ile Leyland alimtuma Galarraga, naye akakubali. Akatembea mpaka alipo Joyce mbele ya uwanja mzima, akamkabidhi ile karatasi, wakapeana mikono. Joyce alikuwa anafuta machozi. Akampigapiga kijana begani, kisha akaanza kazi. Na watu walioingia uwanjani wakiwa na hasira ya jana, wengi wao wakapiga makofi.

Ndugu zangu, hapa pana fundisho ambalo mara nyingi tunalipita. Tunadhani kusamehe ni hisia: siku moja nitaamka nimesahau, roho imetulia, hapo nitasema nimesamehe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2843, inatufundisha tofauti. Inakiri kwamba haiko katika uwezo wetu kutohisi tena kosa wala kulisahau. Kinachowezekana ni moyo unaojitoa kwa Roho Mtakatifu, naye akaligeuza jeraha kuwa huruma, na kumbukumbu ikasafishwa kwa sala ya kumwombea aliyetukosea.

Kwa hiyo usisubiri usahau. Mpelekee karatasi. Kumkabidhi Joyce ile karatasi kulikuwa na maana moja: wewe bado ni mwamuzi, tunaanza mchezo mwingine, na mimi nakubali uuamue. Kusamehe ni kumrudishia mtu nafasi yake ya kuwa mtu.

Hivyo ndivyo Bwana wetu alivyomfanyia Petro ufukweni (Yohane 21). Petro alimkana mara tatu. Yesu Mfufuka hakujifanya kwamba halikutokea. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, mpaka Petro akahuzunika. Lakini kila baada ya jibu alimpa kazi: achunge kondoo. Kosa lilitajwa, na kazi ikarudishwa. Yote mawili kwa pamoja.

Na kazi iliyorudishwa huzaa. Agosti 2012, huko Phoenix, Joyce alikuwa anaelekea chumba cha waamuzi kabla ya mchezo, akamkuta mfanyakazi wa uwanja ameanguka, moyo umesimama. Akamfanyia huduma ya kwanza ya kumkandamiza kifua mpaka wataalamu walipofika. Mama yule akapona. Jiulize: kama baada ya Juni 2010 watu wangefaulu kumfukuza kazi kwa matusi, siku hiyo nani angekuwa anapita pale?

Rekodi haikubadilishwa

Utaniuliza, "Mwishowe si walimrudishia mchezo wake?" Hapana. Kamishna wa ligi, Bud Selig, alikataa kuubatilisha uamuzi. Mpaka leo vitabu vya besiboli vinasema kwamba tarehe 2 Juni 2010 Galarraga aliruhusu mpigaji mmoja afike kituoni. Kila mtu anajua si kweli. Na imeandikwa.

Kampuni ya General Motors ilimpa gari jipya la kifahari siku ile ya pili. Lakini usiniambie, "Unaona, ukisamehe Mungu anakupa gari!" Wengine watakuhubiria hivyo. Mimi siwezi. Wengi tunaosamehe hatupewi hata baiskeli. Na kazi yake Galarraga haikupaa baada ya hapo. Alihamia Arizona, kisha Houston, na mwaka 2012 ndio ulikuwa wa mwisho kwake kwenye ligi kuu. Kwa jumla alishinda michezo 26, akapoteza 34. Ukisoma namba hizo peke yake utasema ni mrushaji wa kawaida tu. Lakini wapo warushaji walioingia kwenye vitabu kwa mchezo mkamilifu ambao jina lao watu wa kawaida hawalijui, na huyu ambaye hayumo kwenye orodha ile anakumbukwa kwa jioni moja aliyokosewa.

Hili ndilo la kushika leo: msamaha hausubiri rekodi isahihishwe. Kuna makosa ambayo katika dunia hii hayatanyooshwa. Cheti hakitabadilika. Nafasi ile ameshapewa mwingine. Baba aliyeondoka hatarudi kukulea upya ukiwa na miaka sita. Kama msamaha wako unangoja hayo yarudi, utangoja mpaka kaburini, na mfungwa utakuwa wewe. Yesu pale msalabani alimwomba Baba awasamehe waliomsulubisha wakati misumari bado imo mikononi (Luka 23:34). Hakuna aliyekuwa ameomba radhi. Hakuna aliyekuwa amefuta hukumu ya Pilato. Alisamehe rekodi ikiwa bado imetundikwa juu ya kichwa chake.

Msamaha si kufumba macho

Lakini naomba msome na hili, maana wapo waliolitumia neno msamaha kuwanyamazisha walioumia. Mwaka 2014 ligi ya besiboli ilipanua matumizi ya video, na uamuzi kama ule wa Joyce sasa unakaguliwa na kurekebishwa papo hapo. Galarraga alisamehe, na kanuni zikarekebishwa pia. Havigombani hivyo. Kumsamehe mtu hakumfanyi asiwajibike, na Katekisimu, namba 1459, inakumbusha kwamba maondoleo yanafuta dhambi, lakini madhara iliyoyaleta bado yanadai kurekebishwa.

Kama kuna mtu anakupiga, anakudhalilisha mwili wako, au anakutisha, hata awe mtu wa heshima, hata awe wa kanisani, usibaki kimya kwa jina la msamaha. Sema kwa mtu mzima unayemwamini. Toa taarifa kwa vyombo vinavyohusika. Hakuna sehemu ya Injili inayokutaka urudi mahali unapoumizwa ili uonyeshe kwamba umesamehe. Unaweza kumwombea mtu ukiwa mbali naye.

Wiki hii

Tusiishie kwenye stori. Kabla ya Jumapili, fanya mambo haya.

Mtafute mpigaji wako wa 28. Jina la mtu au kazi uliyoiacha kwa sababu ya hasira uliyo nayo kwa mwingine. Rudi kwake. Fungua lile daftari. Pokea ile simu ya mama.

Kama wewe ndiye uliyetandaza mikono, usiongoje ugunduliwe. Nenda kwenye Kitubio, kisha nenda kwa mwenyewe. Bwana anasema sadaka yako iache pale mbele ya altare, ukapatane kwanza na ndugu yako (Mathayo 5:23-24). Na ukifika kwake, sema kosa lako kwa jina, halafu nyamaza. Usijitetee.

Na tutakapotakiana amani kwenye Misa, usimkwepe yule mmoja. Unajua ni nani. Mkono wako unaweza kuwa ndiyo ile karatasi.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, wewe ulihukumiwa kwa uongo na hukutafuta kisasi. Tazama yale tuliyonyang'anywa na ambayo hatutarudishiwa. Tunayaweka mikononi mwako, maana kwako hakuna kinachopotea. Utupe neema ya kurudi kwenye kazi yetu bila kinyongo. Utupe ujasiri wa kusema, "Nimekosea," bila kuongeza neno. Na siku ile utakapofungua kitabu chako, kile kisichokosea, utukute tumewasamehe ndugu zetu kutoka moyoni. Wewe unayeishi na kutawala daima na milele.

Amina.